Vifungo vya Nguo za Mama

Mwezi uliopita, pale Ngara mjini karibu na stendi, nilimkuta msichana anauza mikufu ya vifungo. Alikuwa na meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cheusi, na juu yake bangili, hereni za zipu zilizokunjwa zikawa maua, na mkanda uliofumwa kwa tai kuukuu za wanaume. Vitu vizuri, sikatai. Binti yangu akachukua mkufu mmoja, akajiwekea shingoni, akanigeukia. "Mama, unanipendeza?" Mimi nikamgeukia muuzaji.

"Hivi vifungo umevitoa wapi?"

"Kwenye nguo kuukuu, mama."

"Nguo za nani?"

Akacheka, akidhani namtania. "Za mtumba hizo, mama. Nani anajua za nani?"

Nikamwambia binti yangu avue. Alivua, lakini hakunisemesha mpaka tumefika nyumbani, na sikumlaumu.

Mimi ni mtu wa kushuku. Sisemi kwa kujisifu. Maziwa nayanusa kabla ya kuyalipia, na mtu akinisifia kiatu najiuliza anataka kuniazima nini. Nilizaliwa hivyo, au nilifanywa hivyo, sijui. Ninyi wenzangu wa rika langu, mliokwenda shule na kidumu cha maji mkono mmoja na ufagio mkono mwingine, mnakumbuka jinsi mtoto alivyokuwa haelezwi kitu. Mambo ya wakubwa uliyaokota vipande vipande nyuma ya mlango, ukaviunga mwenyewe. Mimi niliunga vibaya, na kuna mtu alilipia.

Kwetu ni Keza. Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Siku ya kuondoa matanga nguo zake ziligawiwa kama ilivyo desturi, mbele ya watu, moja moja. Gauni la kijani, lile la mikono mipana, alipewa jirani yetu Mama Editha kwa sababu ndiye aliyemuuguza. Sweta likaenda kwa shangazi wa Kasulo. Blauzi nyeupe ya kwaya alipewa mwenzake waliyekuwa wakiimba naye, na vitenge wakapewa bibi na wanawake wa ukoo. Nilikaa kwenye mkeka nikitazama mama yangu anavyogawanywa. Kila nguo ilipoinuliwa nilijua aliivaa lini. Kuhusu mimi walisema zote zitanipwaya, mtoto mdogo hivi atafanyia nini gauni la mtu mzima, basi sikupewa kitu.

Siku ya tatu baada ya hapo akaja mdogo wake mama kutoka Biharamulo. Jina lake Leokadia, lakini mimi nilimwita Mama mdogo. Malaria ilikuwa imemlaza, mazishi yakampita, matanga yakampita. Aliingia na kikapu na kopo kubwa la maziwa ya unga, akalia mpaka sauti ikakauka, na alipomaliza kulia, kabla hata ya kunywa maji, akauliza, "Nguo za dada ziko wapi?"

"Zimeshagawiwa," baba akajibu.

"Zote?"

"Zote."

Mimi nikiwa nyuma ya mlango nikajiambia, huyu hakuja kwa ajili ya msiba, huyu amefuata nguo. Ndipo mbegu ilipodondoka.

Wakubwa wakakubaliana abaki anilee mpaka nitakapopokea Komunyo ya kwanza, halafu itaonekana kama atakaa moja kwa moja. Niseme jambo moja sasa hivi ili msije mkanielewa vibaya: nilimpenda. Alijua kuchana nywele bila kumliza mtoto. Aliacha ndizi moja chini ya majivu kila jioni, akisingizia kwamba ameisahau, ili niikute nikitoka shule. Nilikuwa naomba kila siku kwamba asiondoke. Na bado nilimshuku. Moyo wa mtoto ni mpana, unabeba vyote viwili bila kuona tabu.

Kazi yake ilikuwa kuvipa vitu kuukuu maisha mengine. Shati lililochakaa alilikata utepe mwembamba, akausokota mpaka ukawa kamba, akaufuma mkanda. Kutoka kwenye redio mbovu ya baba alichomoa waya wa shaba mwembamba, akaukunja hereni, na baba akalalamika wiki nzima kwamba redio ile alikuwa anataka kuitengeneza. Wanawake walikuwa wakija kununua wakiwa na harusi au ubatizo, wengine wakimletea nguo apinde na kupunguza. Chumba chake kilinuka nguo za siku nyingi, lile jasho la watu usiowajua lililochanganyika na sabuni ya mche. Aliniruhusu kugusa kila kitu humo ndani isipokuwa lile kopo. Mfuniko wake ulikuwa umekaza sana, aliufungua kwa mpini wa kijiko.

"Hili kopo usilishike," alisema. "Nikikukuta nalo, utanijua."

Jamani! Mwambie hivyo mtoto kama mimi.

Siku moja nikasingizia kichwa kinaniuma, sikwenda shule. Baba alikwenda shambani. Nikazunguka nyuma ya nyumba na kuchungulia kwenye mwanya wa dirisha la mbao. Mama mdogo alikuwa ameketi sakafuni, na mapajani mwake ile blauzi nyeupe ya kwaya, ya mama. Niliitambua kwa kola. Akachukua wembe akakata nyuzi za kifungo cha juu, akakitoa. Kisha akatoa kifungo kingine kwenye kitambaa chake, akakishona mahali pale pale, akakata uzi kwa meno. Kile alichokitoa akakisogeza karibu na midomo. "Hiki cha Pasaka," akasema, kwa sauti ya kuongea na mtu. Halafu akafungua kopo na kumwaga vingine mkekani, akaanza kuvigusa kimoja kimoja. "Hiki cha siku ya harusi. Hiki ulikivaa tukienda sokoni. Hiki cha ubatizo wa mtoto."

Mtoto ni mimi.

Kwetu kuna neno ambalo mtu halisemi kwa sauti kubwa: murozi. Ni mtu anayekudhuru kwa siri, kwa chakula au kwa kitu kilichogusa mwili wako. Tulikatazwa kuacha ukucha chini, tulikatazwa kuacha nywele saluni, maana hujui nani anaokota. Na huyu wa kwetu hakuwa anachukua tu. Alikuwa anaweka. Alitoa kifungo cha mtu, akaweka chake. Anawawekea nini watu vifuani mwao? Hilo swali lilinikosesha hamu ya kula, hata ndizi ya kwenye majivu nikawa nampa mbuzi.

Nikaanza kukagua sare yangu ya shule kila asubuhi. Vifungo vitano, uzi wa bluu. Siku ya siku nikakuta cha pili kina uzi mweusi. Wala sikuuliza. Nilikikata kwa meno nikakitupa chooni, nikaenda shule kifua wazi, mwalimu akanichapa viboko viwili kwa uchafu. Leo najua kilikuwa kimelegea naye akakikaza nikiwa nimelala. Siku ile nilijiona nimeponea chupuchupu.

Mama Editha naye akaleta gauni la kijani lipindwe chini. Nilichungulia tena, nikaona kifungo cha tatu kikitolewa, kingine kikiwekwa. Mama Editha alikuwa na kikohozi cha wiki nyingi. Nikaunga.

Siku mbili baadaye nilitumwa chumvi kwake. Alikuwa anamenya ndizi barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo ukae. Mama yako mdogo anashona nini siku hizi, mbona mlango haufunguki?"

"Sijui."

"Hujui, au umekatazwa kusema?"

Hapo aliniweza. Mtoto ukimuuliza hivyo umeshamfungua. Nilimwambia yote: kopo, wembe, maneno anayoviambia vifungo, na kwamba anatoa vya watu na kuweka vyake.

"Hata gauni langu?"

"Hata lako. Cha tatu."

Akaweka kisu chini. Akaingia ndani akarudi na gauni, akavishika vifungo kimoja kimoja kutoka shingoni. Vyote vilikuwa na matundu mawili. Cha tatu kilikuwa na matundu manne.

"Yesu na Maria," akasema, akakohoa, akajishika kifua. "Kikulacho ki nguoni mwako, kumbe ndiyo maana yake hii."

Alinipa chumvi na chane nzima ya ndizi tamu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama askari aliyekamata mwizi.

Ilipofika Ijumaa hakuna aliyekuwa hajui. Kisimani wanawake walihamisha ndoo Mama mdogo alipofika. Waliokuwa wameacha nguo kwake walikuja kuzichukua, hazijamalizika hivyo hivyo, wengine wakituma watoto. Jioni aliniketisha mbele yake kunichana.

"Mwanangu, watu wamepatwa na nini? Kuna neno umelisikia?"

"Sijasikia kitu," nikasema.

Huo ndio uongo unaoniuma kuliko yote niliyowahi kusema, na nimesema mingi.

Jumapili baada ya Misa kikaitishwa kikao, uwanjani kwetu. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na daftari na mwavuli. Alikuwa mtu mwenye njaa aliyetaka mambo yaishe haraka. Watu walijaa mpaka kwenye migomba. Mama Editha alilishika gauni la kijani kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama mtu aliyebeba panya. Baba alikaa kwenye kigoda, akiangalia viatu vyake.

Kila mtu alijua kinachoamuliwa. Mtu akishapewa jina lile kwetu, hata asipoguswa, hawezi kukaa tena. Ama Mama mdogo angesafishwa jina pale pale, aendelee kuwa mama yangu, au angeondoka.

"Leokadia," Mwenyekiti akasema, "leta kopo."

Akalileta. Akaingiza mpini wa kijiko, mfuniko ukatoka, akainamisha kopo kwenye mkeka. Wanawake wa mbele wakarudi nyuma. Havikutoka vifungo vilivyotawanyika kama nilivyotegemea. Ulitoka mkufu. Vipande vyembamba vya vitenge vilisokotwa vikawa kamba moja nene, rangi zikifuatana, na vifungo vimeshonewa juu yake kwa safu, vyeupe, vya kijani, vya kahawia, katikati yake waya wa shaba umekunjwa pete ndogondogo. Chini kabisa ilining'inia senti ya zamani yenye tundu. Ulikuwa karibu kwisha, ulibaki mshono wa nyuma ya shingo.

"Nilikuja nikakuta nguo za dada yangu zimeshagawiwa," Mama mdogo akasema. "Desturi ni desturi, kilichogawiwa hakidaiwi. Nikasema, basi nitaomba kifungo kimoja kutoka kila nguo, na mahali pake niweke kingine, nguo ya mtu isibaki wazi. Na kwenye vitenge utepe wa pindo tu. Mtoto huyu hakupewa hata leso. Siku ya Komunyo wenzake watasindikizwa na mama zao, nikataka naye aende na wake."

Yule mama wa kwaya akainuka. "Kwangu aliomba. Akaniambia nisimwambie mtoto, anataka kumshangaza."

"Hata kwangu," akasema mwingine.

"Mimi hakuniomba!" Mama Editha akadakia.

"Wewe sikukuomba," Mama mdogo akasema. "Niliogopa utakataa. Hapo nimekosa, nisamehe."

"Ungeniomba ningekupa!"

"Ungenipa?"

Mama Editha akashusha macho kwenye gauni, na watu wakacheka kidogo. Nakumbuka kicheko kile vizuri. Kilikuwa kicheko cha watu wanaotaka kwenda nyumbani. Mwenyekiti alikuwa ameshafunga daftari.

"Maneno matamu haya," Mama Editha akasema, macho yamemtoka, kwa sababu alikuwa amechekwa. "Kama mkufu ni wa mtoto, mtoto si yupo? Auvae hapa hapa tumwone."

"Hilo ni jambo dogo," Mwenyekiti akasema. "Mtoto, njoo."

Mama mdogo akapiga magoti ili anifikie. Akaunyoosha mkufu kwa mikono miwili, akatabasamu. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Katika watu wote waliokuwa pale uwanjani, mmoja tu ndiye aliyekuwa na hakika nami.

"Njoo, mama," akaniambia.

Niliyasikia yote aliyoyasema na niliyaelewa. Msiniombee udhuru kwamba nilikuwa mdogo. Nilivitambua vifungo vya blauzi ya kwaya, nilivyokuwa nikivichezea kifuani kwa mama nikisinzia kanisani. Lakini kuna sauti ilikuwa imekaa ndani yangu wiki nyingi, na sasa ikaniambia, murozi akikamatwa si atasema hivi hivi? Si atatabasamu hivi hivi? Nikamtazama baba aniambie la kufanya. Alikuwa bado anatazama viatu.

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Sitaki," nikasema. "Naogopa."

Hakuna aliyecheka tena. Mama Editha akasema polepole, karibu kwa huruma, "Mtoto hasemi uongo."

Mama mdogo alibaki amenyoosha mikono kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja maji yajae. Kisha akaukunja mkufu taratibu, akaurudisha ndani, akabana mfuniko kwa kiganja. Mwenyekiti akafungua tena daftari. Akaandika kwamba kwa ajili ya amani ni vema mgeni arudi kwao kwanza, mambo yapoe. Aliandika "kwanza", lakini kila mtu alijua maana yake.

Asubuhi aliniamsha mapema akanisuka. Alinisuka vizuri, mistari myembamba, ili nywele zifike siku ya Komunyo bila kufumuka. Alipomaliza akabeba kikapu na kopo, akashika njia ya kwenda barabarani. Hakuna aliyemsindikiza. Wiki iliyofuata nilipokea Komunyo shingo tupu, kila mtu akasema nimependeza. Kikohozi cha Mama Editha hakikuondoka na Mama mdogo. Alikwenda kupimwa zahanati, akapewa dawa, akameza miezi kadhaa, kikaisha. Hakuna aliyeitisha kikao cha kusema hivyo.

Ndipo mwezi huu, baada ya binti yangu kuninunia, nikaona aibu imenizidi umri. Nilipanda gari nikaenda Biharamulo. Kila mwaka nilikuwa nimejiambia nitakwenda, na kila mwaka nilipata sababu. Nilimkuta uani kwake, mzee sasa, miwani imefungwa kwa uzi, anatoa zipu kwenye suruali ya mtu.

"Shikamoo mama."

Akanitazama sana. "Marahaba. Sura ya dada hii." Akanijua. Akainuka akanikumbatia, akaita wajukuu waje waniamkie. Alikuwa mchangamfu, akauliza habari za Keza nyumba kwa nyumba, hata za Mama Editha, akasema Mungu amlaze pema nilipomwambia ameshafariki.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Msamaha wa nini tena? Ulikuwa mtoto."

"Na ule mkufu?"

"Nilishaufumua siku nyingi. Vifungo vilikuwa vizima, viliishia kwenye sare za wanangu." Aliyasema hayo kama anavyosema mtu habari za mvua. Mimi, kwa tabia yangu, nilitafuta uchungu katika sauti yake, nikausikiliza kila upande. Sikuuona, nikafurahi, nikajiambia basi yamekwisha.

Mjukuu akaleta jagi la mutobe, ile juisi ya ndizi ambayo haijachacha, na kikombe kimoja. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni aone kwa macho yake kwamba hakuna kitu ndani. Hiyo ni heshima ya mgeni. Mtoto wa nyumbani haonjewi, mtoto hujimiminia mwenyewe akanywa.

Mama mdogo akamimina. Akainua kikombe, akapiga funda moja akinitazama, akameza, akapangusa ukingo kwa kiganja. Ndipo akanipa.

"Karibu," akasema.

Nikanywa chote bila kupumua, mbele yake, mpaka tone la mwisho. Nikamrudishia kikombe kwa mikono miwili. "Niongeze, mama," nikamwambia.

Akamimina tena kikajaa, akakiinua, akaonja.